Mwezi wa Kalemie Unalala Chali

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, sinia na hotuba tatu. Katika hotuba hizo nilisikia sifa ambazo kwa miaka yote niliyokaa nanyi hakuna aliyewahi kunitajia, nikafikiri labda nimekufa na bado sijaambiwa. Halafu mwalimu mmoja kijana wa mwaka wa tatu akaniuliza, "Mama Astrida, sasa utatuachia nini?" Nilitaka kumjibu kwamba nimemwachia kabati lisilofunga na madawati yenye misumari. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Nikanunua kaye mpya, daftari nene, na haya ndiyo niliyoandika humo.

Habari za vyeo hamtazikuta, maana niliingia mwalimu na nikatoka mwalimu. Mshahara tunaujua sote, tusiupotezee wino. Nitaeleza juu ya somo moja tu, sayansi ya mwaka wa sita, pale kwenye vyanzo vya nishati na jua na sayari zake. Ndilo somo nililolipenda kuliko yote, na ndilo nililolikosea vibaya kuliko yote.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana. Nilichora jua kubwa ubaoni, nikageuka, nikauliza kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Jua linatoka wapi?" Darasa zima likaitika, "Kigoma!"

Msiwacheke. Sisi wa Kalemie tunaliona jua kila asubuhi likitoka ziwani, na ng'ambo ya ziwa ni Kigoma. Kutoka Kigoma zinakuja sabuni, sufuria na vitambaa. Kwa nini jua lisije na mzigo huo huo? Mimi lakini nilicheka. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, na watu wa Kigoma, jua yao inatoka wapi?" Mwingine akamjibu kabla yangu, "Dar es Salaam." Nilifungua kitabu kutafuta cha kusema. Hakikuwa na neno juu ya Dar es Salaam.

Ukuta kati ya darasa langu na la mwaka wa tano ulikuwa wa mbao na haukufika juu, kwa hiyo aibu yangu yote ilisikika upande wa pili. Huko alikuwa anafundisha Papa Kalumba, mwalimu mrefu, mkavu wa maneno, ambaye alikuwa ameshazeesha madirektere wanne, wakuu wa shule wote waliopita. Wakati wa mapumziko alikuja na baiskeli yake, maana hakuiacha hata kwenda chooni.

"Batoto wamekujibu muzuri," aliniambia. "Wamekuambia kile wanaona. Weye njo unapaswa kuwatoa pale na kuwapeleka mbele. Kama unawacheka, kesho watakuambia kile unapenda kusikia, na hautajua tena kile wako nacho mu kichwa."

Nilimwambia ndiyo, Papa. Mtaona kwamba sikuwa nimesikia.

Vyombo vyetu vya kufundishia vilikuwa katika katoni moja ya biskuti chini ya meza yake. Humo mlikuwa na kipande cha kioo, tochi, mshumaa, chupa ya mviringo aliyoijaza maji ili ikuze maandishi, na mpira wa miguu uliokwisha upepo. Mpira huo ndio ulikuwa jua. Papa Kalumba alinionyesha hesabu: kama jua ni mpira, dunia ni chembe ya ulezi, na inakaa mbali, hatua karibu thelathini za mtu mzima. Tuliwatoa watoto uwanjani, mmoja akashika mpira, mwingine akashika chembe ya ulezi kwa vidole viwili akiogopa kupiga chafya. Sayari ya mwisho ilikuwa na punje ya karanga na ilipaswa kuwa mbali kiasi cha mita mia saba. Niliyemtuma na karanga hiyo alitembea, akatoka nje ya uwanja, akapita barabara, akapotea kwenye njia ya kwenda bandarini. Kengele ililia hajarudi. Tulimpata kwa mama anayekaanga mandazi, na karanga alikuwa ameila. Nilikasirika sana. Papa Kalumba alisema yule sasa hatasahau kamwe kwamba sayari ya mwisho iko mbali, na nadhani ni kweli.

Kwa nishati tulitumia baiskeli. Unaigeuza, kiti na usukani vikakaa chini, magurudumu juu. Unasogeza dinamo iguse tairi, halafu mtoto anazungusha pedali kwa mkono, na ile taa ndogo ya mbele inawaka. Akichoka, inafifia. Hapo unauliza, "Nani ametoa nguvu?" Watasema baiskeli. Ngoja. Watasema dinamo. Ngoja tena. Mwisho yule aliyezungusha, akiwa na jasho, atasema, "Ni miye!" Sasa mwulize alikula nini asubuhi. Mhogo. Na mhogo ulikua kwa nini? Kwa jua. Ukifika hapo, kaa kimya kidogo, maana wengine wataanza kuangalia mikono yao.

Kutoka baiskeli tulikwenda Bendera, penye mtambo wa mtoni, kwa maneno tu, maana gari hatukuwa nalo. Kuran, yaani umeme wa mji wetu, inatoka kule, maji ya mto yanashuka kwa nguvu na kuzungusha mashine, sawa na mkono unavyozungusha pedali. Siku kuran ikikatika, na zilikuwa siku nyingi, watoto walikuwa wanasema, "Mwalimu, kule Bendera pedali wamechoka." Mtoto mmoja aliyekuwa akitoka Katanika, ambako watu waliokimbia vita walikuwa wakiishi, hakucheka. Alisema kwao chanzo cha nishati ni kichwa cha mama yake, kwa sababu ndicho kinacholeta kuni. Nilimpa alama zote. Leo pia ningempa.

Na kulikuwa na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kama mnataka kufundisha nishati ya jua, acheni kutafuta picha kwenye vitabu. Wapelekeni watoto ufukweni saa nne asubuhi, mahali akina mama wanapoanika. Tandazeni ndagala wachache juani na wengine kivulini, rudini baada ya vipindi viwili. Pua zenyewe zitafundisha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo mama mmoja aliniuliza kama serikali sasa inanilipa kugeuza samaki. Nilimwambia serikali bado inafikiri.

Basi, hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwalimu anayejiona hodari, hadi mwaka wangu wa kumi na mbili. Mwaka huo nilikuwa na Faida.

Faida alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ndogo. Baba yake alikuwa mvuvi aliyehama kutoka mwambao wa kaskazini, akavua hapa kwetu na mitumbwi ya taa, ile ya usiku. Mama yake alifariki zamani, na shangazi yake alikuwa mwanikaji wa ndagala. Faida hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Somo alilipenda kwa namna ya watu wasiosema: alikuwa akibaki kuifunga katoni ya Papa Kalumba na kupanga kila kitu mahali pake.

Direktere wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa haki, ila alipenda karatasi kuliko watu. Yeye alikuwa na desturi yake: mtoto wa mwaka wa sita asiyefaulu mtihani wa kabla ya Noeli hakuandikwa kwa mtihani wa taifa, alirudishwa mwaka wa tano. Mtihani wa sayansi niliutunga mimi. Swali moja lilisema, "Chora mwezi mchanga," nalo lilikuwa na alama tano. Kitabu chetu kilikuwa na picha yake, mwezi mwembamba umesimama wima, kama mundu ulioangikwa msumarini. Faida alichora mwezi umelala chali, ncha mbili zinaangalia juu. Nikapiga msalaba mwekundu, nikaweka sifuri. Jumla yake ikapungukiwa alama tatu za kufaulu. Nilisikitika kidogo, nikachukua karatasi iliyofuata.

Bultini, ripoti za alama, zilitolewa Jumanne. Jumatano asubuhi baba yake alikuja shuleni, Faida nyuma yake anaangalia miguu. Papa Faida hakuja kugombana, na ndiyo maana ninakumbuka kila neno.

"Mama Mwalimu, aksanti kwa kazi," alisema. "Mutoto amejaribu. Kurudia mwaka, hapana, miye siwezi. Tangu Jumatatu atakuwa na shangazi yake ku ndagala. Nimekuja tu kuona karatasi yake, nijue kile kimemushinda."

Nikampa. Kusoma hakujua sana, kwa hiyo aliangalia michoro. Akafika kwenye msalaba.

"Hii ni nini?"

"Ni mwezi, Papa."

"Na juu ya nini umeweka musalaba?"

"Kwa sababu ameulaza. Mwezi unasimama. Iko mu kitabu."

Aliniangalia kwa muda, bila kucheka, kwa namna ya mtu anayeona mwenzake ana homa.

"Mama Mwalimu, miye nimevua na hii mwezi tangu niko kijana. Ikikuwa kubwa tunapumzika, ndagala hawakuje ku taa. Ikikwisha tunarudi ku maji. Njo kalenda yangu. Kama iko siku inasimama, uniite nikuje kuona."

Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, akaondoka. Faida aligeuka mara moja kuangalia mlango wa darasa.

Nilikasirika. Nilizaliwa Kalemie, nimekulia Kalemie, mvuvi mgeni anifundishe mwezi! Nikaenda kwa Papa Kalumba nikitarajia anisaidie kukasirika. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Na weye, umeuona?"

"Kila mwezi ninauona, Papa."

"Siulizi hivyo. Ukifunga macho sasa, umelala ao umesimama?"

Nikafunga macho. Nikaona picha ya kitabu. Nilijaribu tena, nikaona picha ile ile, hata na doa la wino lililokuwa pembeni yake. Nikamuuliza yeye je. Alijikuna kichwa, akasema polepole kwamba naye miaka yote ameuchora ukiwa wima na hajui kwa nini. Tukabaki tunaangaliana, walimu wawili wa sayansi, na nikaona haya ambayo mbele yake ile ya siku ya Kigoma ilikuwa mchezo tu.

Nilikwenda kwa direktere mchana uleule nikamwambia huenda nimemkosea mtoto. Alikuwa na orodha ya mtihani wa taifa mbele yake, imepigwa mstari vizuri.

"Mama Astrida, kitabu kina muhuri wa serikali," alisema. "Mwezi wako una muhuri gani?"

"Tuuangalie, Direktere. Kwa macho."

"Orodha inaondoka Jumamosi asubuhi kwa inspekta. Kama mpaka Ijumaa jioni umenionyesha, sawa. Kama hapana, inaondoka vile iko."

Nilimtuma mtu kwa Papa Faida kumuuliza mwezi utatoka lini. Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote la ofisi: Jumatano hautaonekana, Alhamisi utaonekana kidogo, Ijumaa utaonekana vizuri, mvua ikipenda.

Mvua haikupenda. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mnajua mawingu yetu ya wakati huo. Alhamisi jioni nilisimama uwanjani na Papa Kalumba chini ya mwavuli mmoja, tukaangalia vilima vya magharibi, tukaona maji tu. Usiku ule sikulala vizuri. Mtihani wangu mwenyewe nimewahi kuukosea, kumkosesha mtu mwingine wake kulikuwa jambo jipya kwangu. Kama wingu lingekaa hapo siku moja zaidi, mtoto angekwenda kugeuza samaki maisha yake yote kwa ajili ya picha niliyoiamini kuliko macho yangu.

Ijumaa tulikuwa watano uwanjani. Direktere alikuja na orodha yake ndani ya mfuko wa plastiki. Papa Kalumba alikuwa na baiskeli. Papa Faida alikuja na binti yake, na alikuwa amevaa tayari nguo za ziwani, kwa sababu zilikuwa ni siku zao za kuvua na wenzake walikuwa wanamngoja kwenye mitumbwi. Jua likashuka nyuma ya vilima. Juu yake palikuwa na wingu, refu na zito, na halikuwa na haraka. Direktere aliangalia saa. Baada ya muda akaiangalia tena. Papa Faida hakuwa na saa, aliangalia ziwa, kisha wingu, kisha mtoto wake.

"Tungoje kidogo," nilisema.

Direktere alikuwa ameshageuka kwenda kufunga ofisi yake wakati Faida aliposema, "Ule pale."

Wingu lilikuwa limepasuka kwa chini. Mwezi ulikuwa pale juu ya kilima, mwembamba, umelala chali, ncha zake mbili zinaangalia juu, kama alivyouchora. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Umri wangu wote mwezi ulikuwa ukilala pale, na mimi nilikuwa ninautazama kwa mara ya kwanza.

Direktere alirudi. Akaangalia. Akainamisha kichwa upande wa kulia mpaka sikio likakaribia bega.

"Direktere," Papa Kalumba akamwambia, "hata ukivunja shingo, hautasimama."

Direktere alinyoosha kichwa. Akamgeukia Faida, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alimuuliza yeye, hakuniuliza mimi: "Mwezi unalala juu ya sababu gani?"

Sauti yake ndogo ikatoka. "Mwezi hauko na mwangaza wake, Direktere. Upande unaangalia jua njo unawaka. Jua imepita kule chini, nyuma ya mulima. Iko chini ya mwezi. Njo tumbo inawaka, na mugongo hapana."

Hayo ya mwanga nilimfundisha mimi, kwa tochi na mpira. Ya jua kuwa chini alijionea mwenyewe. Aliyechora kitabu naye hakusema uongo, huenda kwao, mbali kaskazini, jua linashuka kwa upande na mwezi unasimama. Aliuchora wa kwao. Kosa lilikuwa letu, tuliokichukua kitabu tukaacha kuinua kichwa.

Direktere alitoa orodha, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli, akaandika jina la Faida chini kabisa, nje ya mistari yake mizuri. Papa Faida alisema, "Aksanti, wakubwa," akampapasa binti yake kichwani, akaondoka mbio kwenda ziwani. Mimi nilimkumbatia mtoto, jambo ambalo katika shule yetu halikuwa desturi, na nililia kidogo. Papa Kalumba alijifanya anatengeneza mnyororo.

Jumamosi niliingia darasani na karatasi ya Faida. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kuliko siku yangu ya kwanza. Niliwaambia watoto wote kwamba mwezi wa Kalemie unalala, kwamba Faida alikuwa sawa, na kwamba mimi mwalimu wao nilikosea na ninamwomba radhi. Nikafuta msalaba mbele yao, nikaandika tano. Walipiga makofi. Nilidhani yamekwisha, na ninakiri nilijisikia mtu mwema sana.

Faida akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na wale wa mbele yetu?"

"Wa mbele yenu wapi?"

"Wale wa miaka ingine. Wao hawakukuwa wanauona?"

Miaka kumi na moja nilikuwa nimeuliza swali lile lile, na kila mwaka watatu, wanne, watano walikuwa wamelaza mwezi. Kila mmoja nilimpiga msalaba, na kwa wengine niliandika pembeni, "Angalia kitabu!" Sikuwahi kujiuliza kwa nini watoto ambao hawakukaa dawati moja, wala mwaka mmoja, wanakosea kwa namna ile ile. Nilimjibu Faida ukweli: "Walikuwa wanauona." Akaitika kwa kichwa, akakaa.

Mchana nilitafuta mitihani ya zamani kwenye kabati. Karatasi zilikuwa zimekwisha kwa akina mama wauza karanga. Madaftari ya alama yalikuwepo, lakini humo mna jumla tu, hamna michoro. Niliona majina ya waliokosa kwa alama mbili, kwa alama nne. Nani kati yao alichora mwezi aliouona, sikuweza kujua, wala leo sijui.

Faida alifaulu mtihani wa taifa, akaanza sekondari. Baadaye baba yake alirudi kaskazini na familia yote, na sijamwona tena. Papa Kalumba alistaafu kabla yangu, akafariki, na baiskeli yake iko kwa mjukuu wake. Mimi niliendelea kufundisha, na kila mwaka, kabla ya kufungua ukurasa ule, niliwapa watoto kazi ya siku tatu: waangalie kwanza, wachore, ndipo tufungue kitabu.

Kwa hiyo, mwalimu kijana, nakuachia hilo. Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya ninunue kaye. Baadhi yenu mnaofundisha sasa katika shule hii mlikaa kwenye madawati yangu katika miaka ile kumi na moja. Wengine mna kaka na dada waliorudishwa mwaka wa tano wasirudi tena shuleni, na leo mnapishana nao sokoni na bandarini. Wasomeeni ukurasa huu. Kama walichora mwezi umelala, waambieni Mama Astrida amesema walikuwa wameuangalia vizuri, na kwamba yeye, aliyewapa sifuri, hakuwa ameuangalia.